Je, Wajua? Mjusi wa Ukutani na Ukoo Wake wa Visiwani

Je, wajua kwamba mjusi kafiri anayevizia wadudu kwenye taa ya baraza, hapa Kashaulili, Mpanda, ana jina la kitaalamu alilopewa ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki? Anaitwa *Hemidactylus mabouia*. Asili yake ni Afrika, lakini Mfaransa Moreau de Jonnès alimwandika mwaka 1818 kutokana na mijusi wa visiwa vya Karibi. Bara zima lilikuwa likilala naye chumba kimoja, na bado akaingia vitabuni kama mwenyeji wa kwingine.

Namna alivyofika huko ni ubishi wa siku nyingi. Wapo wanaosema alijibanza kwenye meli za biashara ya watumwa, na wapo wanaosema alielea juu ya magogo. Mwaka 2021 wataalamu wa vinasaba walitoa jambo la kushangaza zaidi: huyo tunayemwita mjusi mmoja ni matawi mengi yanayofanana kwa sura, na karibu yote yamebaki Afrika. Ni tawi moja tu lililoiteka dunia. Kwa hiyo wa ukutani kwako huenda ni huyo msafiri, au ni nduguye ambaye hajawahi kutoka nje ya mkoa.

Vidole vyake havina gundi, wala havinyonyi ukuta. Chini ya kila kidole kuna vinyweleo vyembamba mno, na kila kinyweleo kimechanika ncha mara mamia, kiasi kwamba ncha hizo husogelea ukuta hadi molekuli za pande mbili zivutane. Kwa mjusi mmoja mkubwa wa Asia aitwaye tokay, kila mguu una vinyweleo vipatavyo nusu milioni.

Je, wajua kwa nini jamii yake imefanikiwa hivyo kuhamia visiwani? Siri moja iko kwenye yai. Chungulia nyuma ya fremu ya mlango au kwenye ufa wa ukuta wa stoo: utaona vijiyai viwili vyeupe, vya mviringo, vimekaa pamoja. Mayai ya mijusi wengi ni laini kama ngozi na hunyauka yakikosa unyevu, lakini haya yana ganda gumu la chokaa linalozuia maji kutoka na kuvumilia chumvi. Gogo lenye ufa wenye mayai mawili likisombwa na mafuriko hadi baharini, limeshabeba abiria. Hawali, hawanywi, na hawahitaji nahodha.

Na kuna spishi ambazo hazihitaji hata dume. Mjusi mdogo aitwaye *Lepidodactylus lugubris*, aliyeenea visiwa vya Pasifiki, karibu wote ni majike, na mayai yao huanguliwa bila kupandwa. Akifika mmoja, ukoo umefika.

Sasa tuangalie visiwa vyenyewe, hasa vile vya volkano. Hapa Mpanda hatuna volkano. Ukitaka kuona ya karibu, shuka kusini hadi Mbeya, kwenye ziwa la kasoko la Ngozi na mlima Rungwe. Lakini hebu tufikirie volkano inayoota kutoka sakafu ya bahari hadi ikachomoza juu ya maji. Kisiwa cha namna hiyo huanza na sifuri. Hakikuwahi kushikana na bara, hakina mbegu, hakina mdudu, hakina mjusi. Kila kiumbe utakachokikuta pale kilikuja kwa mabawa, kwa upepo, kwa maji au kwa mtu. Ndiyo maana wanasayansi wa mageuko wanavipenda visiwa hivi kuliko bara: orodha ya wageni ni fupi, na tarehe ya mlango kufunguliwa inajulikana kwa umri wa mawe.

Je, wajua kwamba safari ya mijusi kwa magogo imeshuhudiwa kwa macho? Oktoba 1995, mwezi mmoja baada ya kimbunga Luis, iguana wasiopungua 15 walionekana wakishuka kwenye rundo la miti iliyong'olewa, lililokwama ufukweni mwa kisiwa cha Anguilla, Karibi, ambako spishi hiyo haikuwapo. Walibaki, na baadhi yao walizaliana. Hadi hapo, watu wengi waliiona habari ya mijusi kuvuka bahari kuwa hadithi ya kujaza pengo.

Twende sasa Fernando de Noronha. Ni visiwa vya volkano vya Brazili, takriban kilomita 350 kutoka pwani yake. Mjusi wa huko, *Trachylepis atlantica*, si jamaa wa karibu wa mijusi wa Brazili. Yuko katika jenasi moja na yule mjusi wa mistari, mwenye ngozi ya kung'aa, anayeota jua asubuhi kwenye kuta za matofali za Mpanda. Wazee wake walitoka Afrika, wakavuka Atlantiki, na bara la Amerika lote halina mwingine wa jenasi hiyo anayejulikana kwa hakika. Barua inayohusishwa na Amerigo Vespucci, kuhusu safari ya mwaka 1503, inataja mijusi wenye mikia miwili kisiwani.

Mikia miwili si uongo wa baharia. Mkia wa mjusi ukikatika nusunusu bila kudondoka, jeraha huotesha wa pili pembeni ya ule wa zamani. Mkia unaoota upya hauna hata mifupa ya uti. Ndani yake kuna mrija wa gegedu.

Mjusi huyo wa Noronha ana kazi ambayo wa kwetu hana. Kiangazi kikikaza, hupanda mti wa mulungu, ambao ni jamii moja na mwamba-ngoma wetu wa maua mekundu, akalamba utomvu mtamu wa maua na kubeba chavua kichwani kutoka ua hadi ua. Visiwani wachavushaji ni haba, hivyo anayepatikana hupewa kibarua. Kisiwani Morisi, mjusi wa kijani *Phelsuma cepediana* huchavusha ua la mmea uitwao *Roussea simplex*, na baadaye hutawanya mbegu zake pia.

Phelsuma ndio wanaotuleta nyumbani, Bahari ya Hindi, na hapa nitakaa kidogo.

Je, wajua kwamba majirani zetu wa Komoro wanaishi juu ya maabara ya mageuko? Visiwa vinne, Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore, vyote vimezaliwa na volkano kati ya Msumbiji na Bukini (Madagaska), na havikuwahi kugusana na bara lolote. Maore ndicho kikongwe, chenye umri wa mamilioni ya miaka, na kimeshaliwa na mvua na bahari. Ngazija ndicho kichanga, na Karthala, mlima wake wa mita 2,361, bado unatapika: ulilipuka mwaka 2005 mara mbili, na Novemba ya mwaka huo majivu yakachafua matangi ya maji ya watu. Ngazija hakina mto wa kudumu. Mvua inanyesha nyingi, lakini mawe ya zaha ni kama chujio.

Bara la Afrika haliko mbali na Komoro, lakini mijusi wengi wa huko wametoka Bukini. Sababu ni mkondo wa bahari. Mkondo wa Ikweta Kusini hupita kaskazini mwa Bukini ukielekea magharibi, na chochote kinachoanguka humo hupelekwa njia hiyo hiyo. Ni kama kupanda treni Kaliua: reli ikifika Mpanda imekwisha, utashuka hapo utake usitake.

Kati ya walioshuka ni Phelsuma, mijusi wa kijani wanaofanya kazi mchana badala ya usiku, wenye madoa mekundu mgongoni, wanaopenda migomba na minazi na kulamba tunda lililoiva. Mmoja wao, *Phelsuma v-nigra*, ana alama nyeusi ya V chini ya kidevu. Ngazija ana sura yake, Mwali sura yake, Nzwani sura yake. Bado wanahesabiwa spishi moja, ila kila kisiwa kimeanza kumvuta upande wake. Maore, kwa kuwa kimekuwapo muda mrefu zaidi, kina Phelsuma wasiopatikana popote pengine, kama *Phelsuma nigristriata* na *Phelsuma robertmertensi*.

Vinyonga nao wamegawana. *Furcifer cephalolepis* ni wa Ngazija, *Furcifer polleni* ni wa Maore. Kisha kuna mjusi mwenye mkia wa miiba na ukosi mweusi shingoni, *Oplurus cuvieri*, ambaye ukoo wake wote uko Bukini isipokuwa tawi moja lililofika Ngazija na kujipatia makao.

Hapa kuna kichekesho cha kijiografia. Vinasaba vinaonyesha kwamba kinyonga alianzia bara la Afrika, akavuka kwenda Bukini zaidi ya mara moja, na huko akachanua kuwa spishi nyingi. Kizazi chake ndicho kilichorudi nusu njia na kuishia Komoro. Kinyonga wa Ngazija, ukimuuliza ukoo, ni mjukuu wa Afrika aliyelelewa Bukini.

Wa Ushelisheli je? Kinyonga wa huko, *Archaius tigris*, alidhaniwa kwa muda mrefu kuwa wa Bukini. Utafiti wa mwaka 2011 ukamgeuza: jamaa zake wa karibu ni Rieppeleon, wale vinyonga wadogo wa rangi ya jani kavu wanaotembea chini ya misitu ya Usambara na Uluguru. Ushelisheli ya ndani si volkano, ni matale ya kale sana, lakini kisa ni kizuri mno kukiacha nje.

Je, wajua kwamba visiwa vya volkano vinaendelea kuzaliwa mlangoni kwetu? Mei 2018 watu wa Maore walianza kutikiswa na matetemeko mfululizo. Mwaka uliofuata meli ya utafiti ilikuta, kilomita 50 mashariki mwa kisiwa, mlima mpya kabisa chini ya bahari, wenye kimo cha takriban mita 820 kutoka sakafuni. Umepewa jina Fani Maoré. Kilele chake bado kiko zaidi ya kilomita mbili chini ya maji, kwa hiyo mijusi wasianze kufunga mizigo.

Pemba si volkano, lakini inatoa somo lile lile kwa njia nyingine. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu nyingi ilipokuwa nchi kavu, bahari ilishuka takriban mita 120. Mlango wa bahari wa Unguja ni wa maji mafupi, hivyo Unguja ikawa sehemu ya bara na wanyama wakapita kwa miguu. Mlango wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Pemba ikabaki kisiwa. Matokeo yake unayaona mgombani: Pemba ina mjusi wake wa kijani, *Phelsuma parkeri*, asiye wa asili popote pengine duniani, kama ilivyo kwa popo wake na bundi wake.

Aliyemwandika mjusi huyo, mwaka 1941, ni Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kusimamia makumbusho ya Nairobi kabla ya kwenda Harvard. Nyoka, vyura na mijusi wengi wa Tanzania wamepita mikononi mwake. Alipostaafu alikwenda kuishi St Helena, kisiwa cha volkano katikati ya Atlantiki, akafia huko mwaka 1980. Mtu na maradhi yake.

Lakini kisiwa si lazima kizungukwe na maji. Kwa kinyonga wa msitu wa baridi, mbuga kavu iliyo chini ya mlima haipitiki, sawa na bahari. Na milima ya volkano ya Tanzania imesimama mmoja mmoja, kila mmoja na msitu wake kileleni na joto kali miguuni.

Je, wajua kwamba mlima Hanang, ule ule ulioporomosha tope Katesh Desemba 2023, una kinyonga wake peke yake? Anaitwa *Trioceros hanangensis*, na aliandikwa mwaka 2010 tu. Jenasi yake imepewa jina kwa pembe tatu, naye hana hata moja. Ukienda Rungwe na Poroto utakutana na *Trioceros fuelleborni*, ambaye dume lake lina pembe tatu. Mlima Meru una kinyonga mdogo wa pembe tatu, *Trioceros jacksonii merumontanus*, aliye mdogo kuliko ndugu zake wa Kenya.

Huyo wa Meru hatagi. Kinyonga wetu wa Mpanda, *Chamaeleo dilepis*, yule wa kijani anayevuka barabara kwa madaha bila kujali bodaboda, huchimba shimo ardhini, hutaga mayai 20, 40, wakati mwingine zaidi, akayafukia na kuondoka. Joto la udongo litamaliza kazi. Juu ya Meru udongo ni baridi mno kwa yai. Hivyo jike hubeba watoto tumboni kwa miezi, akijianika juani asubuhi ili awapashe. Siku ikifika, hutembea taratibu juu ya tawi na kuwaangusha mmoja mmoja, kila mtoto ndani ya kijifuko chembamba cha utando chenye kunata. Kijifuko hunasa kwenye jani, mtoto hujinyoosha, utando hupasuka, na papo hapo anashika tawi kwa mkia na kwenda zake. Mama hageuki.

Na yule kinyonga mnayemrushia mawe hana sumu. Hakuna kinyonga wala mjusi kafiri Tanzania mwenye sumu ya kumdhuru mtu, hata akiangukia kwenye chungu cha mboga.

Ukiilinganisha milima hii ya volkano na Usambara au Uluguru, ambayo ni ya kale zaidi na si ya volkano, utaona tofauti mara moja. Jenasi ya Kinyongia ina spishi zaidi ya 20, na milima hiyo ya kale imejaa nazo: Uluguru ina zake, Usambara ina zake kadhaa. Volkano changa bado ina nafasi nyingi tupu. Muda una uzito kuliko ukubwa wa mlima. Kilimanjaro inaipita Usambara mbali kwa urefu, lakini kwa vinyonga haifui dafu.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki imewahi kupeleka kinyonga kwenye kisiwa maarufu zaidi cha volkano? Hawaii haina mtambaazi wa nchi kavu hata mmoja wa asili. Iko mbali mno. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama wa kufugwa alipokea kutoka Kenya makumi ya vinyonga wa pembe tatu. Walifika wamedhoofu, akawaachia bustanini kwake Kāneʻohe, kisiwani Oahu, wapate nguvu. Walizipata. Leo wako visiwa kadhaa vya Hawaii, na wanawatafuna konokono wa asili wa huko ambao hawapatikani popote pengine. Kenya ilisimamisha kuwauza nje mwaka 1981. Kwa Hawaii ilikuwa too late, kama wasemavyo vijana wa mjini: wakati ulishapita.

Baada ya miaka 50, watafiti waliwalinganisha madume wa Hawaii na wa Kenya, na matokeo yakatoka mwaka 2022. Wa Hawaii wakitambiana huwaka rangi kali zaidi. Kenya kuna nyoka na ndege wanaokula vinyonga, na anayejitangaza sana haishi; Hawaii maadui hao ni wachache, basi kila dume akajiachia. Nusu karne tu imetosha tofauti hiyo kuonekana.

Visiwa vya Galápagos vimesifiwa vya kutosha, nitapita haraka. Iguana wa baharini wa huko ndiye mjusi pekee duniani anayejipatia chakula ndani ya maji ya bahari. Hula mwani, na njaa ya El Niño ikiwakumba hufupika mwili, mifupa ikiwemo, hadi kupoteza moja ya tano ya urefu. Iguana wa waridi, anayeishi kwenye volkano ya Wolf pekee, aliandikwa rasmi mwaka 2009. Darwin hakufika alipo.

Kisiwani ambako hakuna paka wala panya, mjusi hukua bila woga. Hicho ndicho kinachomponza. Kisiwa cha Branco, Kabo Verde, kilikuwa na mjusi mkubwa, *Chioninia coctei*, mlaji wa mimea na mayai ya ndege, jamaa wa kale wa mijusi wa mistari wa Afrika. Mwaka 1833 wafungwa walitelekezwa kisiwani humo na wakala walichokikuta. Mjusi huyo ametangazwa kutoweka. Rodrigues, kisiwa kilicho chini ya Morisi, ilikuwa na *Phelsuma gigas*, mkubwa kuliko Phelsuma yeyote aliye hai. Naye hayupo.

Kwetu hatari ina sura ya biashara. Msitu wa Kimboza, Morogoro, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo nne, ni kama kisiwa, na humo ndimo kwao mjusi mdogo wa rangi ya samawati, *Lygodactylus williamsi*, anayeishi kwenye mikadi. Kati ya 2004 na 2009 zaidi ya 30,000 walichukuliwa kwenda kuuzwa Ulaya na kwingineko, na mikadi ikakatwa ili wakamatwe kirahisi. Mwaka 2016, mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya waliokamatwa mwituni.

Mwisho, kuna mjusi wa miamba ya matumbawe ya pwani yetu, *Cryptoblepharus africanus*, mwembamba, asiyefumba macho kwa kuwa kope zake zimeungana kuwa kioo, anayeshuka maji yakipwa kuwinda kwenye mawe yaliyoloa. Ukoo wake umeenea kutoka Australia na visiwa vya Pasifiki hadi pwani ya Afrika, kwa kuvuka bahari. Ndugu yake wa Morisi, *Cryptoblepharus boutonii*, miongoni mwa makao yake ni visiwa vidogo vya kusini mashariki. Julai 2020 meli ya Wakashio ilikwama huko kwenye miamba na kumwaga mafuta. Wahifadhi waliwakamata makumi ya mijusi wa spishi tatu, huyu akiwemo, wakawatia kwenye visanduku na kuwapandisha ndege hadi bustani ya wanyama ya Jersey, kisiwa kilicho karibu na Ufaransa, wakazaliane huko mbali na mafuta.